Siku Arobaini za Kipimo

Mwaka ule vyuo havikuwahoji tena wanafunzi wapya. Kila mmoja alivaa kipimo shingoni kwa siku arobaini, nacho kilisikiliza Kiingereza chake popote alipokuwa, kisha kikampangia darasa. Neno la lugha nyingine lilishusha alama, na waliowekwa darasa la chini walisubiri miaka miwili kabla ya kuanza masomo yenyewe.

Tunsume alitaka uuguzi. Kule Tukuyu aliishi na mama yake, ambaye hakujua Kiingereza. Mama alipouliza kitu, Tunsume alijibu kwa kichwa na mikono. Baada ya wiki mbili, mama aliacha kuuliza.

Siku ya thelathini na moja mama aliingia jikoni na khanga kichwani.

"Mwanangu, mama yako mdogo Subilaga ametutoka."

Tunsume alimkumbatia akampa pole kwa Kiingereza. Mama alimtazama kama anayemtazama mgeni, akajitoa taratibu, akaenda kulia kwa jirani.

Siku ya arobaini kipimo kilimweka Tunsume darasa la juu kabisa. Siku hiyohiyo alikirudisha, akakimbia nyumbani.

"Mama, nimemaliza! Sasa niambie, mama mdogo alikufaje? Alisema nini?"

Mama aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Nilishamsimulia jirani yote, mwanangu," alisema kwa upole. "Kuyarudia siwezi."

Akaendelea kumenya. Tunsume alikaa karibu yake, akaanza kuokota maganda.