Mateke ya Bi Marit

Katika nchi waliyohamia Raya na mumewe Hamadi, mjamzito hahisi mimba yake mwenyewe. Huvishwa mkanda tumboni, na kichefuchefu, maumivu na mateke yote humwendea mkunga wa serikali, ambaye kazi yake ni kuhisi na kuwahi tatizo mapema. Mkunga wa Raya aliitwa Bi Marit.

Mama yake Raya alipopiga simu kutoka Pemba na kuuliza, "Mwanangu, mtoto anacheza?" Raya alimwomba asubiri, ampigie kwanza Bi Marit.

"Leo kanisumbua kweli!" Bi Marit alisema kwa furaha.

Jioni moja Hamadi aliweka mkono juu ya tumbo la mkewe, akacheka. "Umemsikia huyo?"

"Hapana," Raya alisema.

Hamadi alipokwenda kuswali, Raya aliufungua mkanda, ingawa ilikatazwa, akakaa kitandani kusubiri. Tumbo lilitikisa kanga mbele ya macho yake, lakini ndani hakusikia kitu. Ilikuwa kama anatazama tumbo la jirani.

Simu ikaita. Bi Marit alikuwa akilia. "Raya, mwanangu amenyamaza! Umefanya nini?"

Raya alilisikia lile neno, "mwanangu". Akaufunga mkanda tena, taratibu.

"Huyo, amerudi," Bi Marit alisema, akishusha pumzi. "Kapiga teke."

"Upande gani?" Raya aliuliza.

"Kushoto."

Raya akaweka mkono wake kushoto.