Kilichoichelewesha Linux

Mume wa Barke aliuawa Miritini, na muuaji hakujulikana. Marehemu alimwachia mkewe kompyuta yenye mfumo wa Linux, ya kuchapia kadi za harusi. Sasa Barke yuko edani, hatoki nje, kazi ndiyo hiyo, na kila akiiwasha programu zafunguka kwa kujikokota.

"Dada, hii yatembea kama bi harusi," kaka yake akacheka. "Kuna kitu chajiwasha mwanzo, chapiga simu mahali, ndipo mengine yafunguke."

"Kitoe, wallahi."

Akakifuta, akaiwasha upya. Programu zikafunguka papo hapo.

Simu ya mezani ikalia. Kaka akaipokea, akasikiliza, ameuzungusha waya vidoleni hadi kucha zikawa nyeupe.

"Mwanamume nisiyemjua. Asema leo kompyuta haikuwapigia," akanong'ona. "Asema tusiizime. Wako njiani."