Nadhiri ya Mvuta Tumbaku

Buakham alilinusa shati la mumewe kolani na kwapani, kisha akaupindua mfuko na kuunusa nao. Jasho na sabuni tu. Akazidi kukasirika.

"Unavutia wapi, Baba Noi?"

Thongin alikuwa anatoka chooni, ameshika ukuta. "Nimekwambia sivuti."

"Mimi utanidanganya. Mzimu je?"

Mwaka juzi homa ya dengi ilipotaka kumchukua binti yao, Buakham alipiga magoti kwenye kibanda cha Pu Ta, mzimu mlinzi wa kijiji, akaweka nadhiri: Noi akipona, baba yake hatagusa tumbaku tena. Noi akapona. Thongin, aliyekuwa akivuta tangu ujana, hata akiwa ameinama kupandikiza mpunga, akaumwaga mfuko wake wa tumbaku mtoni, mkewe akimtazama.

Mwaka haukuisha, tumbo likaanza. Mwanzo kuhara tu, wakalaumu samaki wa kuvundika. Yakafuata makamasi kwenye choo, kisha damu. Mwanamume aliyekuwa akijitwisha gunia la mpunga peke yake akabaki mifupa mitupu, hamalizi tonge kabla hajakimbilia chooni. Kijiji kizima kilijua sababu: amevunja nadhiri, na mzimu unadai haki yake.

Buakham alipeleka kuku wa kuchemsha na pombe ya mchele kuomba radhi. Damu haikukoma. Akawa anamnyatia shambani, anampekua, na mwishowe akamtandikia mkeka wake peke yake.

"Kubali tu, mume wangu. Ukikubali utapona."

"Nikubali nini ambacho sijafanya?" Thongin akaanza kulia. Buakham alimwona anayeyuka mbele ya macho yake, hana la kufanya, na uchungu wa kufanywa mjane na mtu mwongo ukamzidi.

Walipofika hospitali ya mkoa, daktari alimpima Thongin kwa kamera, kisha akamwonyesha Buakham picha. Vidonda vilianzia mwisho wa utumbo mpana na vilikuwa vinapanda juu.

"Kinga ya mwili wake imemgeuka, mama, inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Dawa zitaituliza. Kumponya kabisa siwezi."

"Lakini chanzo chake nini, daktari?"

"Hakuna anayejua kwa uhakika. Wengine wanarithi kwenye ukoo." Akaitazama tena picha. "Mzee anavuta?"

"Muulize mwenyewe. Mimi ananiambia aliacha."

"Lini?"

"Binti yetu alipopona dengi. Mwaka juzi." Buakham akasogeza kiti karibu, akanong'ona Thongin asisikie pale kitandani. "Niambie ukweli, daktari. Huko ndani umeuona moshi?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Wanaovuta hauwapati sana ugonjwa huu, mama. Mara nyingi tunauona kwa waliovuta miaka mingi, halafu wakaacha kweli."