Mapengo Katika Karanga za Mbuke

Mstari wa kwanza ulikuwa na mapengo tisa, wa pili kumi na moja. Shambani kwa Mageni, mke mkubwa, karanga zilizopandwa siku ileile zilikuwa zimeota zote.

"Umekula mbegu," Maige akamwambia Mbuke, mke wake mdogo, mbele za watu.

Ulikuwa mwaka wa njaa, 1949. Ghala la Maige lilikuwa na mtama wa kuwafikisha watu watatu kwenye mavuno, nao walikuwa wanne. Hapo kijijini kwao, karibu na Tinde, mla mbegu alichukiwa kuliko mwizi wa ng'ombe. Alifukuzwa, asipewe moto wala maji, na mtoto akabaki kwa baba.

"Sijala hata punje, Baba Jilala. Nilichanganya za dukani na za mama yangu wa Kishapu. Zake huchelewa kuota."

"Zina usingizi kama mwenyewe!" mtu akadakia, na watu wakacheka. Tumbo tupu halikuwazuia.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, akawanyamazisha. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yafukuliwe mashimo matatu. Mbegu zikionekana, maneno yamekwisha."

Karanga ni mambo ya wanawake. Mwanamume hakanyagi shamba la karanga changa. Mbuke akaulizwa nani afukue.

"Dada Mageni," akajibu bila kufikiri. Mageni ndiye aliyemzalisha.

Mageni akaingia shambani, akainama mara tatu, akachakura kwa vidole. Aliporudi akafungua viganja mbele ya mwanangwa. Udongo mtupu.

Mbuke hakulia mpaka walipomtoa mwanawe Jilala mgongoni. Akashika njia ya Kishapu bila kibuyu cha maji, masikini, na jirani zake wote, hata waliompenda, wakageuza nyuso. Siku ya nne wachunga ng'ombe walileta kitenge chake. Mwenyewe walikuwa wamemzika hukohuko porini.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, Maige alisimama kando ya shamba la marehemu. Mapengo yalikuwa yamejaa majani mabichi, mstari kwa mstari. Matatu tu ndiyo yalibaki wazi.

Mageni akaja nyuma yake, Jilala mgongoni. Akaona. Akangoja kofi.

Maige hakumpiga.

"Nilikuambia urudi uzifukue zote," akasema. "Lete jembe, kabla mwanangwa hajapita."