Glavu za Barafu

Raya alisinzia huku dawa ya saratani ya titi ikishuka mrijani, mikono yake yote miwili imo ndani ya glavu za barafu. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba baridi ingevikinga vidole na ganzi iletwayo na dawa hiyo, ganzi ambayo huenda isitoke tena. Raya alikuwa mshona kofia kwa mkono, na mshona kofia asiyeihisi sindano hana kazi.

Alipozinduka, mikono ilikuwa na joto. Mama mkwe wake, Bi Zuwena, alikuwa amezivua zile glavu na kuikumbatia mikono ya Raya kifuani pake, akiipulizia pumzi.

“Wamekuacha ugande, mwanangu. Mgonjwa haachwi kwenye baridi.”

“Mama, baridi hiyo ndiyo inayovilinda vidole.”

“Kinga gani ya kumtetemesha mtu?” alisema Bi Zuwena, wala hakuiachia mikono.

Tangu Raya aolewe, mama huyo hakupata kumshika mkono ila kwa salamu, wala kumwita mwanangu.

Dawa iliendelea kudondoka. Raya akauchomoa taratibu mkono wa kulia, ule wa kushika sindano, akaurudisha kwenye barafu. Wa kushoto, unaoshika kofia, akauacha pale kifuani.