Kichupa cha Mtungini

Jumatatu, tarehe tatu Machi, kulipambazuka na joto zito lisilo na upepo. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali nyumbani kwa Melania, mjane mgonjwa wa kisukari. Skola, muuza barafu, alipochota maji ya kunywa, kata iligonga kichupa kilichofungwa kwenye mfuko ndani ya mtungi.

"Mama Tunu, siku hizi unaficha hirizi?" alitania. Wenzake wakacheka.

Melania hakucheka. "Ni insulini, dada. Sina friji."

Skola alikiinua kichupa kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imebaki chini kabisa.

"Na hii ikiisha?"

"Sina cha kununulia nyingine. Najidunga nusu ya kipimo." Alimtazama binti yake aliyekuwa akicheza mlangoni, akashusha sauti. "Naogopa kulala. Nisipoamka, Tunu ataniita mpaka lini?"

Skola alikifunga tena kichupa kwenye mfuko, akakirudisha mtungini.

"Mungu anisikie, nanyi mnisikie," alisema. "Dawa tutanunua sote, nami nitaitunza kwenye friji yangu. Na kila alfajiri nitagonga mlango huu, Melania. Usipoitika, nitauvunja."