Mguu wa Kwao

"Mguu huu si wa kwetu," bibi alisema, akimgeuzageuza mjukuu kama anayekagua nguo ya mtumba. "Umetoka ukoo wa mama yake."

Unyayo wa kushoto wa mtoto ulikuwa umejikunja kwa ndani, kisigino kimepanda juu. Mama yake alijua kwamba usipotibiwa mapema, mwanawe atakuja kukanyagia ubavu wa mguu. Alitaka hospitali leo hii. Mumewe naye, hata kukohoa hakohoi kabla hajamtazama mama yake.

"Hospitali ya nini?" bibi aliuliza. "Watamfunga plasta. Wiki ikiisha wanaikata, wanafunga nyingine, na nyingine tena. Mtoto halali, wewe hulali. Halafu eti viatu vilivyounganishwa kwa chuma, alale navyo. Mateso matupu."

Bibi huyu alikuwa mjuzi wa kila kitu, kuanzia ndoa za watu mpaka injini za magari, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Aliuliza tu ni nani anayetibu miguu siku hizi. Akaambiwa ni binti mdogo, kamaliza chuo juzijuzi.

"Haya, twendeni," akasema, akachukua mkoba. "Huyo binti akishathibitisha ni damu ya kwao, nawarudisha kwao wote wawili, mama na mtoto."

Mkwe wake akambeba mwanawe, mumewe akawafuata nyuma.

Hospitalini, yule binti daktari alimlaza mtoto mezani, akausukuma unyayo taratibu kwa kidole. Haukusogea. "Ungekuwa umelala vibaya tu tumboni, ungenyooka," alisema. Akamtanua mapaja kama chura, kukagua nyonga. Zilikuwa salama. Bibi akaguna kuhusu adabu.

"Unatibika huu," daktari alisema. "Kwenye ukoo kuna mwingine aliyezaliwa hivi?"

"Kwetu?" Bibi alicheka. "Hata kidole kilichopinda hatuna. Muulize huyu mkwe wangu."

Mlango ukafunguliwa. "Huyu ni mwalimu wangu," daktari akasema. "Amerudi kutusaidia kufunga plasta."

Mzee mwenye miwani akaingia akitabasamu. "Sauti hii nimeisikia tangu koridoni," alisema. Akamtazama bibi, akamtazama baba mtoto, kisha akainama bila kuomba ruhusa, akampandisha suruali na kulibinya shavu la mguu wake wa kulia, jembamba kuliko la kushoto.

"Mguu umenyooka vizuri, mama," alimwambia bibi. "Na ulikuwa mbaya kuliko huu wa mtoto."

Bibi akamkazia macho.

"Wewe si ulistaafu?"